Theluji Njema Hujulikana Kiganjani

Ami yangu hapa Wete, ambaye alianza kuanika karafuu kabla mimi sijazaliwa, aliniuliza wiki iliyopita swali ambalo sikuwahi kuulizwa kwa namna ile katika misimu miwili ya baridi niliyofanya kazi Austria. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya sala ya alasiri, naye alitaka kujua kwa nini watu wenye theluji mlangoni mwao hufunga safari ya saa nyingi kuifuata theluji ya mahali pengine. "Kwani theluji si theluji tu, mwanangu, au nayo ina madaraja kama karafuu?" Nilimwambia kuwa ina madaraja, na kwamba wengi wanaoilipia fedha nyingi hawayajui. Maelezo yakawa marefu kuliko kahawa iliyokuwamo ndani ya birika, na kwa kuwa baadhi ya waliokuwapo wameniomba niyaandike, nayaandika hapa.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha vifaa cha hoteli moja ya kijijini huko Tirol. Nilikausha viatu vya wageni, nikanoa kingo za chuma za mbao zao za skii, zile ndefu zinazofungwa miguuni kwa kuteleza juu ya theluji, nikazipaka nta upande wa chini ili ziteleze, na kila asubuhi kabla wageni hawajashuka nikaandika ubaoni kina cha theluji kama kilivyotangazwa: sentimita kadhaa bondeni, sentimita kadhaa kileleni. Wageni waliutupia ubao ule jicho moja, wakaichukua ile namba kubwa na kwenda zao. Mwanzoni mimi nami niliiamini. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko, ubao wa mahali nilipokwenda kujifunza ulitaja sentimita 140 kileleni, nami nikaazima mbao na viatu nikapanda lifti ya viti kwa furaha ya mtoto siku ya Idi. Namba ile haikuwa ya uongo. Ila siku mbili kabla yake mvua ilikuwa imenyesha hadi juu mlimani, kisha usiku anga likafunguka na baridi ikashuka, na zile sentimita 140 zikawa zimevikwa ganda la barafu linalong'aa kama sahani ya kauri. Kwenye kona ya kwanza nilianguka, nikateremka kwa mgongo hadi kwenye wavu wa pembeni, na aliyeniokotea fimbo zangu alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba kulinyesha.

Baada ya siku ile ndipo nilipoanza kumsikiliza mzee mmoja, dereva wa tingatinga la kusawazisha theluji, ambaye alikuwa akipita chumbani kwetu alfajiri kupasha mikono moto baada ya kazi ya usiku. Mzee huyu hakuwa akiutazama ubao wangu hata kidogo. Alivua glavu nje ya mlango, akachota theluji iliyolala juu ya ukuta, akaifumbata kwa nguvu, kisha akafungua kiganja. Theluji ikiwa imeshikamana na kuwa donge, aliguna tu. Ikiwa imebaki unga na kupeperuka alipoipuliza, alitikisa kichwa kwa ridhaa na kuniambia nimwombe bosi wangu ruhusa. Nilicheka nilipoiona mara ya kwanza, kwa sababu nimemwona ami akifanya jambo lilelile jamvini: hutia mkono katikati ya karafuu, akazifumbata, na zikivunjika kwa mlio hujua zimekauka, zikijikunja kimyakimya huziacha zipigwe na jua siku nyingine.

Ukavu, basi, ndio mwanzo wa habari yote. Theluji mpya iliyo kavu sehemu yake kubwa ni hewa. Mita moja ya ujazo ya theluji ya aina hiyo huweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 tu, ilhali mita hiyohiyo ya maji ina kilo 1,000; ndiyo maana husemwa kwa makadirio kwamba sentimita 10 za theluji mpya zikiyeyuka hutoa sentimita moja ya maji. Theluji iliyoanguka karibu na nyuzijoto sifuri hubeba maji mengi zaidi, huwa nzito kama unga wa ngano uliokwisha kutiwa maji, hushika mbao na kuchosha magoti. Theluji kavu humpokea mtelezaji, akazama hadi magotini na bado akaenda kama chombo kilichopata upepo wa tanga.

Wepesi huo hutengenezwa angani, si mlimani. Mwanafizikia wa Japani, Ukichiro Nakaya, alikuwa mtu wa kwanza kukuza fuwele ya theluji kwa mkono wa binadamu, mwaka 1936, katika chumba chenye baridi kali huko Sapporo, naye aliikuza juu ya unywele wa sungura. Alichokigundua ni kwamba umbo la fuwele hutegemea joto na unyevu wa mahali ilipokulia. Karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri huzaliwa sindano nyembamba, ambazo zikianguka hulala zikibanana kama vijiti katika tita. Karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, unyevu ukiwa wa kutosha, huzaliwa nyota zenye mikono sita na matawi juu ya matawi. Hizi haziwezi kubanana, kila moja huishikilia nyenzake kwa mbali, na hewa yote hubaki katikati yake. Wingu likiwa katika kiwango hicho cha baridi, theluji ya kupeperuka kiganjani hupatikana bila shida.

Mahali panaposifiwa sana kwa jambo hili ni kisiwa cha Hokkaido huko Japani, hasa Niseko. Wao nao wana kaskazi yao, ambayo huvuma miezi ileile ya kaskazi yetu. Upepo mkavu na baridi hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani ambayo ina joto kuuliko, hubeba mvuke njiani, kisha hukutana na milima na kuumwaga mzigo wote. Kwa kuwa upepo haukatiki, theluji huanguka kidogokidogo karibu kila siku katika mwezi wa Januari, na kwa msimu mmoja hufikia zaidi ya mita 10. Sisi tunaoishi kwa misimu ya pepo tunaelewa upesi kwamba sifa ya Niseko haitokani na dhoruba moja kubwa. Inatokana na upepo kushika zamu yake bila kukosa.

Hata hivyo wepesi peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Theluji nyepesi mno ikianguka sentimita 20 juu ya ganda gumu, mbao hupenya moja kwa moja na kukwaruza chini, na mtu hujiona amedanganywa. Kinachotafutwa ni mpangilio: theluji nzito kiasi ianze, kisha iwe nyepesi zaidi kadiri dhoruba inavyoendelea na hewa inavyopoa. Milima ya Utah nchini Marekani, na hasa Alta, imepata jina kwa sababu dhoruba zake nyingi huanza na joto na kumalizia na baridi, hata vibao vya namba za magari ya jimbo hilo vimewahi kuandikwa kwamba wana theluji bora kuliko yote duniani. Dhoruba ikija kinyume chake, baridi kwanza na joto baadaye, kizito hukaa juu ya chepesi. Siku kama hizo yule mzee aliingia chumbani bila kusema neno, akajimiminia kahawa na kuinywa kwa kusimama.

Upepo ni mshirika asiyeaminika. Nilipomweleza ami kwamba kila mlima una upande wa joshi na upande wa demani sikuhitaji kufafanua zaidi, kwani mwanapwani yeyote anayajua maneno hayo. Upepo huikwangua theluji joshini na kuimwaga demani, kwa hiyo mlima mmoja uliotangazwa kuwa na mita moja huweza kuwa na mawe matupu upande huu na mita mbili upande ule. Lakini theluji iliyosafirishwa hivyo haiwi tena ileile. Mikono ya zile nyota huvunjika njiani, vipande hupangana na kukazana, na matokeo yake ni bamba zito lililoegemea mteremko, ambalo kwa macho linapendeza sana na kwa miguu linatoa sauti ya ngoma iliyolegea. Mabamba hayo ndiyo yanayosababisha maporomoko mengi yanayoua watelezaji, hasa kwenye miteremko ya kati ya digrii 30 na 45. Nchi za Ulaya hutumia kipimo cha hatari chenye ngazi 5, na Uswisi ina taasisi pale Davos, iliyoanzishwa mwaka 1942, ambayo kazi yake ni kuchunguza theluji na maporomoko yake. Theluji ambayo huwezi kuikanyaga kwa amani siihesabu kuwa njema, hata ikiwa laini kama pamba.

Tukirudi kwenye njia zilizotengenezwa, ambako watelezaji wengi ndiko wanakotembea, ubora wake hupatikana usiku. Tingatinga hupita na ubapa wake mbele na mashine ya kusaga nyuma. Hukata vilima vilivyoachwa na watu mchana, husaga madonge, hufukuza hewa iliyozidi, kisha huacha nyuma yake mistari myembamba iliyonyooka kama ukili mpya. Mzee alinieleza, na baadaye nilijionea mwenyewe, kwamba kusaga si mwisho wa kazi. Chembe zilizosagwa zinahitaji saa kadhaa za baridi na utulivu ili zishikane. Pale zinapogusana huota shingo ndogo za barafu zinazoziunganisha. Njia iliyosawazishwa jioni mapema huwa imara asubuhi, na iliyosawazishwa alfajiri, saa moja kabla ya watu kuingia, huvurugika kabla ya saa tano. Mgeni anayelalamika kwamba njia imeharibika mapema kwa kawaida anawalaumu waliomtangulia, na mara nyingi kosa ni la saa iliyochaguliwa na ofisi.

Kuhusu theluji ya kutengeneza kwa mizinga, nina maoni tofauti na ya wageni wengi walioidharau. Mizinga hiyo hurusha maji yaliyogawanywa kuwa matone madogo mno, nayo huganda kabla ya kufika chini. Ami aliuliza kama inatosha tu hewa kufikia sifuri, nikamwonyesha mtungi uliokuwa pembeni ya mlango wake. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu sehemu yake hutoka kwenye udongo na kukauka, na kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo yanavyopoa zaidi. Siku za unyevunyevu kabla ya masika mtungi hausaidii kitu. Tone la mzinga hupoa vivyo hivyo. Ndiyo maana wataalamu hawatazami joto la hewa peke yake. Hutumia kipimo cha kipimajoto kilichofungwa utambi wenye maji, na huanza kazi kikishuka hadi kama nyuzi 2.5 chini ya sifuri. Hewa ya nyuzi sifuri yenye unyevu wa asilimia 50 huwaruhusu kuwasha mizinga, ilhali hewa ya nyuzi moja chini ya sifuri yenye unyevu wa asilimia 95 huwazuia.

Theluji ya mizinga haina nyota. Ni vidonge vidogo vya mviringo, mita moja ya ujazo ikiwa na kilo 400 au 500, na mtu anayetafuta unga ataichukia. Lakini huvumilia jua na miguu, na kwa msingi wa njia sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Mashindano ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022 yalifanyika karibu yote juu ya theluji ya aina hiyo, na huko Lesotho, kwenye milima inayozidi mita 3,000, kituo cha skii kinachofanya kazi kati ya Juni na Agosti kinaitegemea sana. Washindani wa mbio za skii wenyewe hawataki hata ulaini. Pale Kitzbühel, Austria, ambako mashindano ya mteremko hufanyika tangu mwaka 1931, njia hutiwa maji ili iwe ngumu na iwe sawa kwa mtu wa kwanza na wa mwisho. Barafu iliyonilaza chali mimi ndiyo wanayoitafuta wao, tofauti ikiwa ni kingo walizonolewa mbao zao na miaka waliyojifunza.

Baridi ikizidi pia ni ila. Mbao huteleza vizuri juu ya theluji isiyo mbali sana na kuyeyuka. Ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri theluji hukwama chini ya mbao kama mchanga mkavu wa pwani, na nta ya kawaida haifui dafu. Asubuhi kama hizo nilikuwa nikibadilisha nta za wageni thelathini kabla ya chai, na mikono iliyotoka kwenye maji ya udhu ilinikumbusha Wete kwa uchungu.

Kisha kuna theluji ya mwisho wa msimu, ya Machi na Aprili, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Mchana jua huiyeyusha juu, usiku huganda, na baada ya siku kadhaa za mzunguko huo chembe zote huwa punje za duara kama mtama. Alfajiri ni jiwe. Saa nne asubuhi sentimita mbili au tatu za juu hulegea na mbao hupita juu yake bila sauti. Saa saba ni uji. Kinachoamua ni usiku. Anga likiwa wazi, theluji hutoa joto lake kuelekea juu na hupoa kuliko hata hewa iliyo juu yake, sawa na vile umande unavyolowesha majani ya kwetu usiku usio na mawingu. Wingu likitanda usiku kucha, basi hata hewa ikiwa baridi kidogo theluji haigandi sawasawa na asubuhi huanza ikiwa uji tayari. Anayejua hufuata jua: miteremko inayotazama mashariki kwanza, kisha ya kusini, na ya magharibi alasiri. Ya kaskazini huachwa kwa wanaotafuta unga wa baridi, kwa sababu katika nchi zile jua haliifikii.

Maadui wa kazi yote hii ni wawili ninaowakumbuka. Wa kwanza ni upepo wa föhn, ambao huvuka kilele, hushuka upande wa pili ukiwa mkavu na moto, na kwa saa chache huweza kupandisha joto kwa nyuzi 10 au zaidi. Nimewahi kulala kijijini kukiwa na theluji juu ya kila paa, nikaamka kukidondoka maji. Wa pili anatoka Afrika. Februari 2021 vumbi la Sahara lilivuka bahari na kuipaka milima ya Alpi rangi ya kutu. Theluji mpya na safi hurudisha sehemu kubwa mno ya mwanga wa jua, na ikishapakwa vumbi hunywa joto hilo na kuyeyuka mapema.

Ami alisikiliza yote haya kwa subira, kisha akasema kwamba maneno yangu ni mengi na theluji hajaiona. Kwa bahati jirani yetu anauza barafu za ukwaju, na jokofu lake halijasafishwa tangu mfungo sita. Nilikwangua ukuta wake kwa kijiko nikaleta bakuli barazani. Ami alichota, akafumbata, akafungua haraka: chembe zilimwagika kati ya vidole kama sukari. "Haishikamani," alisema kwa ushindi. "Basi hii ndiyo daraja la kwanza."

Ikanibidi nimweleze jambo ambalo yule mzee alinionyesha siku moja tu, akiwa amechimba shimo pembeni ya njia. Theluji ikiwa chache mwanzoni mwa msimu na baridi ikawa kali kwa wiki nyingi, ardhi chini hubaki karibu na sifuri huku juu pakiwa na nyuzi nyingi chini yake. Mvuke hupanda kutoka chembe hadi chembe na kuzigeuza kuwa punje zenye pembe, kubwa, zisizoshikana na chochote, kama zile za jokofuni. Nazo hukaa chini kabisa zikingoja. Theluji njema ya Januari ikija kulala juu yake, imelala juu ya sukari, na mteremko mzima huweza kuondoka kwa uzito wa mtu mmoja. Kiganja cha asubuhi hakifiki huko. Ndiyo maana mzee alikuwa na koleo.

Wakati namaliza, maji yalikuwa yakimchuruzika ami hadi kwenye kiwiko. Alijifuta kwa kikoi, akalitazama bakuli, akasema kwamba mwenye karafuu kavu juu na iliyooza chini angerudishiwa gunia lake palepale mizanini.